Mjomba Hayumo

Mume, mke, mtoto, baba, mama, kaka, dada. Orodha hiyo nimeisoma mara nyingi hata naweza kuiimba kama zaburi, na kila nikifika mwisho nilikuwa nageuza karatasi nione kama imeendelea nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu isipokuwa nembo ya kampuni.

Hao ndio ndugu zangu wa karibu, kwa mujibu wa watu wa bima. Mmoja wao akifa au akizidiwa kabla sijaondoka, nikaahirisha safari, narudishiwa nauli. Akifa mwingine yeyote, wananipa pole na meli inaondoka.

Niseme kwanza safari yenyewe ilitoka wapi, maana wanaonijua hapa Masasi watadhani nasimulia habari za mtu mwingine. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nina kiti changu cha kamba barazani ambacho kimeshika umbo langu kiasi kwamba mgeni akikikalia anainuka baada ya dakika mbili akilalamika mgongo. Nikialikwa harusi Nachingwea, natuma mchango na salamu. Sekondari nilisoma bweni, miaka minne kwenye kitanda cha juu, na nadhani ile hamu ya kulala nje ambayo Mungu humgawia kila mtu mimi niliimaliza yote pale.

Sasa binti yetu, mwalimu huko Lindi, akaamua kwamba wazazi wake wakitimiza miaka thelathini ya ndoa lazima lifanyike jambo. Angeweza kutuletea mbuzi. Tungemshukuru, tungemla, yakaisha. Yeye akatukatia tiketi mbili za meli ndogo ya matembezi, Mtwara hadi Kilwa na kurudi, siku tatu, kulala humo humo melini. Tiketi ziliingia kwenye simu yangu na maneno mekundu chini yake: fedha hairudishwi.

Mke wangu ni mzaliwa wa Lulindi, mtoto wa katekista. Kwa miaka thelathini amelima, amepika, ameimba kwaya, na bahari aliwahi kuiona mara moja tu, kupitia dirisha la basi, akienda Mtwara kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilimwonyesha tiketi. Alichukua mkoba akaenda kwa fundi cherehani kupimwa magauni mawili. Hapo nikajua mambo yameshaharibika.

Nilijaribu mikorosho, kwamba haiwezi kuachwa. Akanikumbusha kuwa tumeshamaliza kupuliza salfa. Nilijaribu mbwa. Akasema jirani atamlisha. Mwisho nikakiri kwamba naogopa maji, naye akanitazama kwa huruma ya uongo.

"Mtu wa Newala akiogopa maji hana kosa," alisema. "Kwenu maji huyajui mpaka yawe kwenye ndoo."

Ni kweli, kwetu ni Newala, Kitangari, juu kabisa ambako maji ni ya kufuatwa. Na huko ndiko alikokuwa mjomba, na mjomba alikuwa mgonjwa.

Kwa msomaji asiye wa huku inabidi nifafanue, ingawa inaniudhi kufafanua jambo lililo wazi namna hii. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mwenye mtoto ni kaka wa mama. Baba yangu alikuja kutoka Tunduru na lori, akaoa, na mimi nilipoanza kutambaa yeye alianza kuondoka. Nimemwona mara nne maishani, na moja kati ya hizo ilikuwa kwa bahati mbaya, stendi. Aliyenilea ni mjomba. Alfajiri tulishuka bondeni kuchota maji, yeye na baiskeli yenye madumu manne, mimi nikisukuma kwa nyuma wakati wa kupanda. Nilipofaulu kwenda sekondari, korosho zake za mwaka ule zikawa ada, godoro na sanduku la bati. Paa lake lilivuja masika mbili. Alihamisha kitanda kutoka kona moja hadi nyingine, na nilipokuja likizo akaniambia anapenda kubadilisha mandhari.

Mwezi ule wa tiketi moyo wake ulikuwa umemlaza hospitali ya wilaya wiki nzima. Walimruhusu na vidonge vya rangi tatu, na daktari alipoulizwa hali ikoje alijibu kwamba Mungu yupo, jibu ambalo sipendi kulisikia kwa daktari.

Binti yetu ndiye aliyesema kwenye simu kwamba kuna bima ya safari. Ukipatwa na msiba kabla ya kuondoka, nauli inarudi. Nilifurahi mno, na furaha ile ingenitia mashaka kama ningekuwa na akili timamu siku hiyo. Asubuhi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kwenye kibanda cha wakala, karibu na stendi.

Wakala alikuwa msichana mpole, rika la binti yangu. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akaniuliza kama kuna mgonjwa yeyote katika familia. Nikamweleza habari za moyo, vidonge na wiki nzima ya kulazwa. Alikuwa akiandika.

"Pole sana, baba. Ni nani yako?"

"Mjomba."

Kalamu ikasimama. Akashusha kidole kwenye orodha taratibu, kama mtu anayetafuta jina la mwanafunzi aliyefeli. "Mjomba hayumo, baba."

Nikamwambia atazame vizuri. Akatazama vizuri. Nikamwuliza kama hakuna sehemu ya wengineo. Akasema ipo, lakini wengineo hawahesabiki. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaniuliza kama baba yangu mzazi yu hai.

"Sijui. Nadhani yupo."

"Basi huyo yumo."

Kwa hiyo yule dereva wa Tunduru, ambaye leo tukikutana sokoni itabidi atajiwe mimi ni nani, akifa mimi ni mfiwa wa daraja la kwanza na nauli yangu inarudi. Kaka yangu wa Dar es Salaam, ambaye hapokei simu tangu mwaka juzi, naye yumo, amekaa zake kwenye orodha ameweka mguu juu ya mguu. Mjomba aliyelala chini ya paa linalovuja ili mimi nijue kusoma fomu hiyo hiyo, hayumo. Ningependa sana kukutana na aliyeandika orodha ile. Nisingempiga. Ningemwuliza tu ada yake alilipiwa na nani, na siku anaposa, upande wake alisimama nani kuzungumza.

Msichana aliona uso wangu. Akapunguza sauti, akasema wengi huandika tu baba. Nani atapanda hadi Kitangari kuhakikisha? Ila angehitaji nakala ya karatasi ya hospitali. Akanipa fomu niende nayo.

Nilirudi nyumbani nikisimama njiani kwa kila mtu aliyekosea kunisalimia. Kinyozi alinisikiliza mpaka akamnyoa mteja wake upara usioombwa. Padri aliafiki kuwa jambo hilo linasikitisha, akaniuliza safari ni lini, nikabadilisha mazungumzo. Nyumbani mke wangu alinisikiliza akichambua mchele.

"Andika baba basi, twende," alisema.

Nikaandika. Mahali pa baba nikaweka jina la mjomba kwa mwandiko mzuri, na kadiri nilivyoyatazama yale maneno nikaona nimemtendea haki. Nilijiambia nimempandisha cheo. Jumamosi tukapanda gari kwenda Kitangari, mimi na mke wangu, kuchukua ile karatasi ya hospitali.

Tulimkuta ukumbini na shuka mabegani, amekonda, lakini macho ni yale yale. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba mbili, yangu fupi na ya mkwe wake ndefu. Nilikusudia kuomba karatasi kwa kuzungukazunguka, ila mjomba alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi na karatasi yoyote mkononi mwa mtu yeye huinyooshea mkono. Akavaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja. Akasoma fomu yote, hata namba ya toleo chini kabisa.

"Hapa umeandika mimi ni baba yako."

Nikasema ndiyo, mjomba, kwa sababu wewe ndiye baba hasa, na nilikuwa na hotuba nzuri iliyofuata.

"Baba ni mgeni," alisema. "Anakuja, anaoa, anakula, akichoka anaondoka. Mimi niliondoka lini?"

Hotuba ikanipotea. Mke wangu, ambaye angeweza kuniokoa, alikuwa ameshika kikombe chake cha chai akifurahia.

Ikabidi nimweleze yote, orodha, kidole cha msichana, dereva wa Tunduru. Nilidhani hasira yake itaniacha ihamie kwa kampuni. Ilihamia kwa kampuni, ila mimi nikaachiwa sehemu yangu.

"Kwa hiyo watu wazima wamekaa kwenye meza, wamekunywa chai, wakapatana kwamba mimi si kitu. Sawa, hao hawanijui. Wewe unanijua, na umekubali kutia sahihi."

Nikasema nilichotaka ni nauli ya mtoto isipotee.

"Hebu nieleze hiyo bima. Nikifa kesho, hamsafiri, mnarudishiwa."

"Ndiyo, mjomba."

"Na nikifa mkiwa katikati ya maji?"

Hilo ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu tiketi zilipoingia. Katikati ya maji hakuna bima. Kwetu mwenye kuanza kaburi la mtu ni mpwa wake. Yeye ndiye anayepiga jembe la kwanza, wengine wanafuata, na nilishaona katika ndoto, mara tatu au nne, kaburi la mjomba likichimbwa na watu wa kuokota huku mimi Kilwa napigwa picha. Mke wangu akaweka kikombe chini.

"Hatafuti bima ya safari, mjomba," alisema. "Anatafuta bima ya kutokwenda."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka tukaogopa. Alipotulia aliomba kalamu. Akakata neno baba kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika MJOMBA kwa herufi kubwa, akatia sahihi ingawa hapakuwa na mahali pa sahihi yake.

"Wapelekee hivi. Wakikataa, nendeni bila bima. Hospitali ya wilaya ina friji siku hizi, nitawasubiri. Hakuna atakayegusa jembe kabla hujafika, nimeshawaambia."

"Umewaambia lini?"

"Ulipozaliwa."

Msichana wa stendi alijaribu, nakiri. Aliandika mjomba kwenye kompyuta yake, ikamkatalia. Akapiga simu kwa wakubwa zake, nao wakamkatalia kwa maneno ya adabu. Akaniambia bado naweza kujikatia ya mizigo. Mizigo yetu ilikuwa magauni mawili ya mke wangu na blanketi langu, na nilikuwa bado na hasira. Nikamwambia kampuni isiyomtambua mjomba wangu haina haja ya kulitambua blanketi langu. Nikaondoka bila bima yoyote, na njiani nikawa najisifu, mpaka nilipokumbuka kwamba sasa nakwenda kweli.

Jioni ya kuamkia safari gari la Newala likasimama mbele ya nyumba, mjomba akateremka na begi la nguo, vidonge vyake na mwavuli. Nikamkimbilia nikidhani kuna baya. Akanipita, akapanda barazani, akaketi kwenye kiti changu na kukijaribu kulia na kushoto.

"Nimekuja kulinda nyumba," alisema. "Nikifa nitafia hapa, nikupunguzie mlima."

Kuhusu bahari sina mengi. Mke wangu alisimama mbele na gauni jipya siku zote tatu, wageni wakamdhania mwenye meli. Mimi niliijua ndoo ya chumbani kuliko nilivyowahi kuijua ndoo yoyote, hata za Kitangari. Kila mtandao ulipopatikana nilipiga nyumbani. Mjomba alipokea kila mara, akasema, "Mzima. Wewe?" akakata kabla sijamjibu.

Tuliporudi tulimkuta barazani, amekasirika kwa kuwa tulisema saa nane na sasa ilikuwa saa kumi. Mbwa alikuwa amelala miguuni pake, asinijali. Kiti changu tangu siku hiyo hakinikai vizuri. Kimeshika umbo la mtu mwingine.

Alifariki mwaka uliofuata, msimu wa kupuliza salfa, kwake Kitangari. Waliponipigia nilikuwa nyumbani, kama kawaida yangu, na nilifika kabla ya saa sita. Watu walikuwa wamejaa uani, wanaume wameketi tu, hakuna aliyefanya kazi. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, mpini wake ukiwa mkavu.