Themanini si Themanini na Tano

"Mathe, nenda unyonyeshe. Mambo ya valvu achia wanaume."

Hapo ndipo subira iliniisha. Ilikuwa mara yangu ya nne kwa yule fundi wa redio mjini Kitale, mtoto mgongoni, miguu imechoka kutoka Kibomet. Nilikuwa nimempelekea redio ya baba kwa sababu moja tu: waya wa umeme ulikatika. Akanirudishia ikikoroma. Ukishika stesheni yenye nguvu, sauti inapasuka kama mtu anayeongea na ugali mdomoni.

Redio hiyo ya mbao baba alipewa na mzungu aliyekuwa akimpikia kule Saboti, siku mzungu alipouza shamba akaenda zake. Baba akaitunza nyumbani Mabanga kuliko ng'ombe wa maziwa. Nilipoolewa akanipa. "Mayi, mama yangu, hii ledio haijawahi kunidanganya. Krismasi nikija kwako, nitaisikiliza."

Ledio, ndiyo. Fundi alicheka sana siku niliyojisahau nikasema hivyo mbele yake. Na sasa Krismasi ilikuwa imebaki wiki mbili.

Asichojua ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisafisha zile valvu tangu darasa la tatu. Ni chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani ya redio za zamani, na kila moja ina namba yake. Namba hufifia hadi usiione. Baba alinifundisha: pulizia pumzi ya joto, polepole, kama unavyosafisha miwani. Namba inatoka kwenye ukungu. Kisha unalinganisha na karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko.

Matusi yalikuwa mdomoni. Nikayameza. Nikafungua kifuniko cha redio pale mezani pake, nikachomoa valvu ya pili kutoka kushoto, nikaipulizia.

EF80. Karatasi ilisema EF85, na hiyo 85 ndiyo niliyoisafisha tangu utotoni.

"Hii si yetu."

"Themanini na themanini na tano ni ndugu, bana. Imeingia, imewaka, shida iko wapi?"

"Hata kiatu cha jirani kinaingia mguuni. Yetu iko wapi?"

Macho yake yakakimbilia redio ya mteja mwingine pale rafuni. Nikaomba niipulizie na hiyo. Akakataa, ati namharibia biashara. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja pasi yake akaichukua ile valvu mkononi mwangu, akaipulizia, akasoma kwa sauti: "Themanini."

Niliifunga ile valvu kwenye nepi safi, nikaenda moja kwa moja kwa chifu. Barua rasmi nilifundishwa sekondari. Niliiandika pale pale kwenye benchi, mtoto akinyonya. Ndiyo, nilinyonyesha, kama fundi alivyoniagiza.

*MINTARAFU: KUBADILISHIWA VALVU YA REDIO*

*Nilipeleka redio ya baba yangu ikiwa na valvu EF85. Nimerudishiwa EF80. Sitaki pesa wala kuombwa msamaha. Nataka ile ya baba, kabla ya Krismasi. Niliyopewa nimeiambatisha hapa. Ofisi yako ikiwa na shaka, tafadhali ipulizie pumzi.*