Nilivyomtunza Mdogo Wangu Maktaba

Nikisema kwamba mpaka leo sipiti mbele ya ile maktaba, msifikiri nawatania. Nikitoka kazini nashuka basi kituo cha mbele, nazunguka nyuma ya maduka, nachelewa nyumbani na mvua inaninyeshea, ilimradi nisiwaone watu wa maktaba na wao wasinione. Nina aibu. Watu wengine aibu zao huisha baada ya wiki moja. Yangu mimi imekaa kama mgeni aliyevua viatu.

Mdogo wangu Raya alialikwa kusoma shairi lake. Huyu Raya ndiye kitinda mimba wetu. Baba alikufa kwanza, mama akafuatia, sote tukiwa bado Unguja, miaka ile baada ya mapinduzi ambapo kila nyumba ilikuwa na mtu aliyeondoka na mtu anayetaka kuondoka, na mimi mkubwa wao nikaacha skuli nikashika nyumba. Mjomba alipotuita London tukaja sote, nikafanya kazi za kufagia na za kutunza wazee, wadogo zangu wakasoma. Kwa hiyo Raya alipokuja na karatasi ya maktaba yenye jina lake, nililitazama lile jina kama vile nimeliandika mimi.

Akaniambia, "Dada, nimekuwekea kiti mbele kabisa. Kaa hapo nikuone."

"Nitakaa, mwanangu," nikamwambia. (Namwita mwanangu, kwani nani mwingine amemlea?)

Basi lile neno nililivunja, na hapo ndipo mkasa ulipoanza. Nilifika na wenzangu wawili: Saada, jirani yangu wa Kilburn, mtu wa Malindi, na Mama Wanjiru, Mkenya tunayefanya naye kazi. Kuingia ndani nikawaona wale watu wa mbele, masikio mekundu, miwani, skafu za sufu, kila mmoja na kitabu mapajani, nikajitazama mimi na baibui langu lililolowa na Kiingereza changu cha "good morning, darling, open your mouth", nikasema siendi kule nikaulizwa jambo nikashindwa kulijibu mbele ya wenye akili zao. Tukakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Raya akageuka kunitafuta, nikampungia mkono kule kule niliko. Akaonyesha kile kiti kwa kidole. Nikatikisa kichwa. Mkaidi mimi.

Akaanza mzee mmoja kusoma habari za bustani yake. Akasoma, akasoma, watu kimya. Alipomaliza wakapiga makofi kama wanaokung'uta unga mikononi. Akaja mwanamke akasoma, sijui ni habari za treni, kimya vile vile, mwingine mpaka amefumba macho.

Saada akaninong'oneza, "Shoga, mbona wamenuna hivi? Wamefiwa?"

"Labda mashairi yenyewe hayana chumvi," nikamjibu.

Mama Wanjiru akasema, "Wacheni, hivyo ndivyo wazungu husikiza. Hata kanisani kwao ni hivyo."

Ningemsikiliza Mama Wanjiru leo ningekuwa napita njia ninayotaka. Lakini Raya alipoitwa, akasimama na gauni lake la kijani nililomshonea mwenyewe, akaanza kusoma kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, na ule ukumbi ukanyamaza zaidi kuliko ulivyonyamaza kwa wale wengine, moyo wangu ulichafuka. Nikajiambia hawampendi. Mtoto wangu mimi anasimama mbele za watu, anatoa yaliyo moyoni, na hakuna hata mmoja wa kumwambia "hewala"? Kwetu hata mwimbaji mbovu hakosi mtu wa kumtia moyo!

Nikatega masikio. Kutoka kule nyuma, na mvua inapiga madirisha, nilikuwa napata neno hapa, neno pale. Nikasikia jina la mama. Nikasikia maji ya waridi. Nikasikia udi. Nikasikia kitambaa kipya, cheupe, na wanawake wamejaa chumbani, na mlango umefungwa, na maji yanamiminwa. Nikamshika Saada mkono: "Anasimulia harusi ya mama! Mama anakogeshwa, anatiwa manukato, somo wake, kungwi wake, yuko naye ndani!" (Sikujiuliza Raya ameijuaje harusi ya mama wakati hakuwa hata amezaliwa. Furaha ikishapanda kichwani haikuachii nafasi ya kuuliza.)

Sasa nyinyi mnajua, kwetu taarabu ikikukolea hukai. Unainuka, unashika noti juu, unakwenda kwa mwimbaji kwa mwendo wa madaha, bega hili, bega lile, huna haraka, unamtunza. Hiyo ndiyo heshima yake, na wale wasiomtaka waone kwamba ana watu. Mimi nilitaka wale wenye skafu za sufu waone kwamba Raya ana watu.

Nikatoa noti kwenye mkoba, nikainuka.

Mama Wanjiru akanivuta baibui. "Wewe! Unaenda wapi?"

"Niache, namtunza mdogo wangu."

Nikapiga kigelegele. Jamani, kile kigelegele kwenye ule ukumbi! Yule aliyefumba macho aliruka kwenye kiti. Nikaingia njia ya katikati, naenda kwa madaha, noti juu, na Saada (naye hana breki, Mungu amsamehe) akanifuata nyuma na kigelegele chake, kanga imeshafungwa kiunoni. Raya akanyamaza. Nami nikadhani ananipisha, kama mwimbaji anavyompisha mtunzaji. Kisha yule mzee wa bustani, maskini, akafikiri ni sehemu ya shughuli, akaanza kupiga makofi ya kufuata mwendo wangu, pa, pa, pa, na jirani yake akamfuata, na safu nzima, mpaka ukumbi wote wa watu walionuna unapiga makofi kwa adabu, wanatabasamu, wanayumba kidogo kwenye viti. Nikasema ahaa, kumbe walikuwa wanangoja mtu wa kuwaonyesha! Nikazidisha mabega.

Nikafika mbele. Nikanyoosha noti nimbandike Raya kwenye paji la uso, ndipo nikamwona. Uso wote umelowa machozi.

Hakupaza sauti. Aliniambia kwa Kiswahili, maikrofoni ikiwa mdomoni, ukumbi mzima ukasikia na watatu tu tukaelewa:

"Dada, walikuwa wanamwosha mama."

Nyuma yangu kigelegele cha Saada kilikatika katikati. Lakini makofi hayakukatika. Wale watu waliendelea, pa, pa, pa, wananitazama kwa furaha, na mimi nimesimama na mkono juu kwenye paji la uso la mdogo wangu, nimemchezea mama yangu mzazi akiwa juu ya kitanda cha kuoshea maiti. Nilitamani sakafu ya maktaba ipasuke, na vitabu vyote vinifunike.

Raya hakuweza kumalizia. Mwanamke wa maktaba akaja mbio, anacheka kwa wema, akanishukuru mbele ya watu wote kwa "ngoma nzuri ya kwenu", akaniuliza inaitwaje, tena akaniomba nirudi siku nyingine niwafundishe. Mimi mtu wa kuogopa kuulizwa jambo, nikaulizwa hilo. Nikasema, "Thank you, darling." Na kijana wao alikuwa ameshanipiga picha. Wameibandika kwenye ubao wa nje, mimi nimekenua meno na noti inapepea. Raya hayumo kwenye picha, ni ukingo tu wa gauni la kijani.

Kituoni pa basi Saada na Mama Wanjiru walisimama mbali, wakajifanya wanasoma ratiba. Nikamwambia Raya, "Nisamehe. Kule nyuma sikusikia vizuri."

Akasema, "Ndiyo maana nilikuwekea kiti mbele."

Nikatazama barabarani kama basi linakuja.

"Siku ile aliyokufa mama," akaendelea, "nilikutafuta nyumba nzima. Kila nikikuona uko uani, unapakua, unakaribisha watu, unatafuta mikeka. Nilikaa peke yangu nje ya ule mlango nasikia maji. Leo nilitaka ukae na mimi pale. Basi, ukae tu."

Mngenisikia nilivyomjibu mngenipiga. Nilisema, "Na wale wageni nani angewapikia?"

Akanitazama, kisha akacheka kidogo, kicheko kibaya cha mtu aliyechoka, akasema, "Umeona?" Basi likaja tukapanda. Alikaa kiti cha peke yake.

Tangu siku ile hajagomba na mimi. Anakuja Jumapili, anakula, ananibusu mkono. Lakini kila nikimwomba anisomee lile shairi, taratibu, kwa Kiswahili, nilielewe lote, ananiambia, "Bado, Dada. Nikilifungua nakuona unacheza."

Basi nangoja. Nimelea watoto wa mama yangu wote na sikumbuki kwamba niliwahi kumlilia. Sikupata nafasi, au sikuitafuta. Naapa kwenu kwamba siku Raya atakapokubali, hata chungu kiungue, hata mlango ugongwe na wageni wa Kilburn nzima, mimi siinuki.