Pilau Niliyopeleka Msituni

Leo nimeenda msituni kumrudisha binti yangu nyumbani. Nimerudi na hotpoti.

Tangu majuzi Zuhura analala kwenye hema huko msitu wa Epping, na wale vijana walioamua kuishi bila nyumba wala bosi.

Njia nzima kwenye treni napanga maneno ya kumfokea. Ila kwa watu huendi mikono mitupu, nikabeba pilau kwenye hotpoti.

Hapo ndipo nilipojimaliza, jamani!

Wakala wote, wakashukuru, nikakosa pa kuanzia.

"Zuhura, twende."

"Kaa kwanza, Mama, unywe chai."

Mimi, mgeni wa mwanangu!

Naondoka, ananikabidhi hotpoti imeoshwa, imejaa matunda ya porini.

Mnaocheka, chekeni. Ni mimi niliyemfundisha asimrudishie mtu chombo kitupu.