Banderole mbele ya radiateri

"Hapana, papa, sikusema baraka ndiyo inachemusha moteri. Nilisema ni bashi, ile turubai. Baraka habaifungake na kamba ine."

"Weye ulisoma pédagogie," papa akanijibu, kikombe ya chai mu mukono. "Culasse, kichwa ya moteri, iko mu pédagogie?"

"Haiko. Lakini ata mutoto ya primaire anajua kama kitu ya moto inaombaka upepo."

Maman akacheka kidogo tu ku jikoni. Hakukuwa na roho ya kucheka. Tomate yake ilikuwa imeshavunwa Kamanyola, chini ya mulima, iko mu bitunga, inangojea sisi. Na fundi alisema atakuya kesho saa moja ya asubuhi kufungua moteri ya pickup. Hapa kwetu Muhumba tunajua moteri yenye kufunguliwa mu parcelle inaishaka namna gani: ya jirani ilifunguliwa wakati niko ku masomo, mu troisième, leo kuku zinatagia ndani.

Ile pickup yetu ni muzee. Kompteri yake ya kilometre ilichoka kuhesabu mbele mi nizaliwe. Lakini haikuwaka na tabia ya kuchemuka. Kila juma ilikuwa inashuka Kamanyola, inapanda mulima ya Ngomo na mizigo ya maman, inafika, inalala. Mpaka jubilé ya paroisse, sikukuu ya parokia.

Komite ilichagua pickup ya papa iongoze procession, maandamano ya bakristu. Bakafunga mbele banderole kubwa ya bashi ya bulu, imeandikwa BWANA NI PUMZI YETU, toka taa moja mpaka taa ingine. Padiri akainyunyizia mayi ya baraka, papa akatoa machozi. Procession ikaenda na mwendo ya bakoko, polepole, hakuna mwenye kuona tatizo. Sikukuu ikaisha, bantu bote bakakunja banderole zao. Papa akakataa.

"Kitu padiri alibariki, hauivuake kama shati."

Juma yenye kufwata, ku Ngomo, moshi. Mushale ya joto ikapanda mpaka kwenye nyekundu, tukasimama, camion zinatupigia klaksoni. Toka ile siku ikachemuka mara tatu, na kila mara ikapata munganga mupya.

Jirani, mwalimu wa pensheni, akasema ni mayi ya robinet, ya bomba, iko na dawa mingi. Tukaingiza mukono chini ya kapo, mufuniko ya moteri, bila kufungua kamba, tukaweka mayi ya mvua. Ikachemuka na mayi ya mvua. Fundi wa kwanza akalala chini ya motokari, akatosha kalorstat, mulango mudogo ya mayi, akatuonyesha: "Hii ni ya inchi ya baridi. Bazungu banaiwekaka sababu ya theluji." Ikachemuka bila kalorstat. Maman moja wa groupe ya maombi akasema ni jicho mubaya ya jirani. Papa akarudia kwa padiri, banderole ikapata mayi ya baraka mara ya pili. Radiateri ndiyo haikupata ata tone.

Fundi wa pili, ule wa kesho, yeye aliweka sikio ku aile, juu ya tairi, akafunga macho. "Joint ya culasse, papa." Kapo hakuifungua. Kuifungua inaomba kufungua kamba mbili ya juu, na hakuna fundi mukristu mwenye kutaka kuwa wa kwanza.

Mi nilizifungua. Papa alikuwa ku misa, moteri ilikuwa baridi. Nikatosha bushoni, kifuniko ya radiateri, nikawasha: mayi imetulia, hakuna mapovu. Nikavuta jauge, kijiti ya kupimia mafuta: nyeusi, haikufanana na kahawa ya maziwa, vile mafuta inakuwaka joint ya culasse ikipasuka. Kurwa, mukanda ya feni, imekaza, ventilo inazunguka vizuri. Kisha nikafunga kamba tena, moteri ingali inawaka, nikasimama mbele. Banderole yote ilikuwa imevutwa ndani, imenata ku kalandra, wavu ya mbele, kama shuka ku mudomo ya mutu mwenye kulala. Ventilo ilikuwa inatafuta hewa, inapata maandiko.

Nilimuelezea papa yote ile, polepole, kama darasani.

"Kwa hiyo fundi ya miaka makumi mbili hajui, weye ndio unajua?"

"Fundi hakufungua ata kapo, papa."

"Aliheshimu!"

Kisha akaweka kikombe chini, sauti ikapunguka. "Mwanangu, ku Ngomo tuliona motokari ngapi mu bonde? Toka tuko na banderole, hatukupata ata tairi ya kupasuka."

"Hatukupata nafasi, papa. Hatukufika ata mara moja bila kusimama."

Maman akaita toka jikoni: "Papa, Bwana eko mbele tu? Nyuma hayuko?"

Papa akachukua tena kikombe. Akakunywa chai yenye ilishapoa. Kwake papa, kunyamaza si kukataa, na si kukubali. Ni kungojea mutu mwingine abebe zambi.

Basi nikaamua nitaibeba. Kesho saa kumi na moja ya alfajiri, mbele ya kengele ya misa ya kwanza, nitafungua kamba zote ine, papa akiwa mulangoni ananiangalia, sitafanya kwa kujificha. Nitafunga banderole nyuma, ku mulango ya benne, fasi ya mizigo, benye kutufwata basome. Saa moja fundi akifika, atakuta kuku tu, sisi tuko njiani ya Kamanyola. Nitaweka bidon mbili ya mayi mu benne, na sitaondoa macho ku ile mushale mpaka juu ya Ngomo. Ikichemuka tena, mi mwenyewe nitamuita fundi, na neno culasse sitalijibia tena.