Sponji Ndani ya Pedi za Neema

Nilialikwa Brussels kuangalia mechi moja tu, na nusura niiharibu kabla haijaanza. Neema, binti wa mdogo wangu Ester, alinitumia ujumbe wa sauti: "Mama mkubwa, shikamoo. Kocha wa timu ya kulipwa ya hoki ya barafuni anakuja kutafuta golikipa mmoja, na tuko wawili tunaogombea. Nakuomba uje. Ukiwepo sitetemeki." Jamani, nani angekataa? Mimi ni mwalimu wa mpira wa pete hapa Morogoro, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na huyo mtoto ni mimi niliyemfundisha kudaka, alipokuja likizo akiwa na miaka tisa. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikapanda ndege.

Alhamisi asubuhi tulikuwa mezani, nyumbani kwao Laeken, nimevaa masweta mawili. Mume wa Ester, Papa Neema, ni mtu wa Bukavu, kazi yake kuhudumia wazee. Yeye ndiye aliyenieleza habari yenyewe. Wakubwa wa hoki ya kulipwa wamechoka na mechi za bao moja kwa bila, watazamaji wanapiga miayo, kwa hiyo wanajaribu sheria mpya: pedi za miguuni za golikipa zipunguzwe upana, na goli lipanuliwe kidogo. Mechi ya Jumamosi, ile ambayo kocha angekuja kuitazama, timu yao ikigawanywa mbili na kila golikipa upande wake, ingechezwa kwa sheria hizo.

"Safi sana!" nikasema. "Kwetu tunafungana hamsini kwa arobaini, na hakuna anayesinzia."

"Bon, Maman Mwalimu, weye unacheka," akasema. "Ule mwenye kusimama mu golo ni nani? Hapana mutoto wetu? Banamupunguzia pedi, banaongeza golo, alors ule kocha ataona nini? Ataona mutoto anafungwa sept buts, mabao saba!"

Chai ikanipalia. Mabao niliyokuwa nayashangilia yangemwingia Neema! Kuanzia hapo nikageuka, nikawa mpinzani mkali wa sheria mpya kuliko hata baba mtu. Tulibishana na kukubaliana siku nzima, huku Neema akila mkate wake kimya.

Ijumaa mchana Ester alikuwa kazini na Neema chuoni. Pedi mpya zilikuwa zimeegemezwa ukutani kwenye korido. Nilizibonyeza, nikaona huruma. Papa Neema akanipa ule mpira wao wanaoupiga kwa magongo, kisahani cheusi, kigumu kama jiwe.

"Iko nyembamba sana," akasema, akiitazama pedi. Kisha akaenda kufungua mto wa kochi la zamani, akarudi na sponji.

Hakuna aliyeniambia nishone. Ila mimi sare zote za timu yangu nashona mwenyewe, na sindano ikiwa karibu mikono huniwasha. Niliongeza sponji ya vidole viwili kila upande, nikaficha mishono, nikasimama kuitazama kazi yangu. Nilijisifu, sitadanganya.

Jumamosi tulipanda tramu, tukapita Koekelberg na lile kanisa lenye kuba la kijani, tukafika uwanjani. Baridi ya humo ndani inakuingia hadi kwenye meno. Neema akaenda kubadilisha nguo. Mimi nikawa natembea koridoni kupasha miguu moto, ndipo nikamwona refa amepiga magoti mbele ya yule golikipa anayegombea nafasi na Neema, binti mrefu wa kuziba mlango. Alikuwa anampima pedi kwa futi.

Moyo ulinilipuka paa! Mimi, ambaye kabla ya kila mechi huwakagua wasichana kucha, na mwenye kucha ndefu namkalisha benchi bila huruma, sikuwaza kwamba na huku wanakagua!

"Zikizidi kipimo?" nikamuuliza Papa Neema.

"Anatoka. C'est fini."

"Na ulijua wanapima?"

"Nilijua banapima golo. Pedi, non!"

Nilikimbia. Neema alikuwa ameshavaa pedi moja. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, na uso wake ukakauka.

"Mama mkubwa! Fumua! Fumua haraka!"

Tukachukua mkasi wa kukatia plasta, nikafumua huku machozi yananitoka, na yeye anavuta sponji akiongea: "Pedi pana ndizo zilizonikalisha benchi miaka mitatu. Mwenzangu anasimama tu, goli limejaa. Mpira unamgonga, watu wanasema kadaka. Mimi ni mfupi, lakini nina miguu. Wakipunguza pedi ndipo wataona nani anadaka kweli. Hii sheria nimeiombea!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Mliniuliza lini? Tangu juzi wewe na papa mnajibizana juu ya kichwa changu."

Mlango ukagongwa. Refa akapima kulia, akapima kushoto, akaona uzi umening'inia, akauvuta taratibu. Akanitazama. Mimi nikatazama dari. Akaandika jina la Neema kwenye karatasi ya waliopita.

Mechi ilianza, na mimi sijawahi kuona kitu kinakwenda kasi namna ile! Neema alifungwa bao la kwanza mapema, Papa Neema akafunika macho. Baada ya hapo mtoto akafunguka. Anaruka huku, anateleza kule, mguu unatoka sijui wapi na mpira unagonga pedi pa! Kuna mpira mmoja ulikuja akiwa ameshalala chini, akaudaka kwa mkono wa kushoto, uwanja mzima ukasimama. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Upande wa pili yule mrefu alikuwa anachelewa, nafasi zimeachwa wazi na watu wanazitumia. Mechi iliisha saba kwa nne, Neema ndiye aliyefungwa manne. Mabao kumi na moja, na mimi niliyeyataka nilishangilia zaidi yale yasiyoingia.

Jioni tulikuwa Flagey, ndiyo kwanza tumenunua chipsi, simu ya Neema ilipoita. "Oui," akasema. "Oui. Oui!" Akanipa mfuko wake wa chipsi, akachuchumaa pale pale barabarani akalia. Wamemchukua.

Nimerudi Morogoro, na walimu wenzangu wananiuliza kama hoki ibadilishe sheria. Nawaambia ibadilishe, tena upesi, ila wamsikilize na anayesimama golini.

Jumatatu nilifika mazoezini na karatasi ya namba za mashindano, kila msichana nimeshampangia pa kucheza, kama kawaida. Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Nani anataka kucheza wapi?" nikauliza.

Wakatazamana. Miaka ishirini na mbili, sijawahi kuwauliza. Nikatandika ile sponji niliyorudi nayo kutoka Brussels juu ya tofali, nikakaa, nikawasubiri.