Ploti Moja, Nyumba Mbili

Baba yetu alizikwa mahali pabaya. Sisemi hivyo kwa kukosa adabu. Manispaa ndiyo iliyosema, tena kwa maandishi, ila wao walitumia maneno marefu zaidi.

Ploti yenyewe iko Kasese mjini, katika mtaa wa zamani ambao nyumba zake nyingi zilijengwa na watu wa mgodini. Baba alitoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akaja kuchimba shaba Kilembe. Mgodi ulipofungwa, wenzake wengi walifunga virago wakarudi kwao. Yeye alikuwa ameshaoa msichana wa Kikonzo kutoka Kyarumba, akanunua ploti, akapata kazi kwenye kiwanda cha saruji, akabaki. Hakujua vizuri Lhukonzo, lugha ya mkewe, na mama hakujua lugha ya kwao baba hata neno, kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili chao cha kambini, kile kisichojali ngeli. Mimi ni mtoto wa kwanza, na ndugu yangu wa kiume ni kitinda mimba. Waliokuwa katikati yetu hawakuishi.

Baba alipofariki, baba zangu wadogo walikuja na lori kutoka Kenya kuchukua maiti. Mama aliwapikia, akawatandikia, kisha akawaambia haendi mtu. Kwa watu waliohamia hapa kwa ajili ya kazi, kaburi si huzuni peke yake, ni ushahidi. Unaweza kukaa mtaani maisha yako yote, na bado jirani akikasirika atakuuliza kwenu ni wapi. Ukishazika hapo, swali limekwisha. "Mtu hana kaburi hapa, huyo ni mpangaji tu," mama aliwaambia. Na kwa kuwa alitaka ushahidi huo uonekane, hakumzika baba nyuma kwenye migomba. Alimzika kando ya nyumba, upande wa kushoto, mahali ambapo kila apitaye barabarani anaiona saruji iliyopakwa chokaa. Upande wa kulia hapakuwa na nafasi, kwani huko baba mwenyewe alikuwa ameongeza chumba chao cha kulala, kikaenda mpaka karibu na ua wa jirani. Mtaa mzima ulimsifu mama kwa akili hiyo, nami nilimsifu.

Mimi niliolewa Bwera, na mpaka leo nauza vitenge huko karibu na mpaka wa Kongo. Ndugu yangu alijenga kando ya mto Nyamwamba, kwa sababu huko ardhi ilikuwa rahisi, na sote tulijua kwa nini ilikuwa rahisi. Mto ulipofurika ulichukua nyumba, kuku na mahindi. Watu walitoka wazima, Mungu asifiwe. Alifika kwa mama akiwa na mkewe, watoto, na godoro moja lililolowa, wakajazana sebuleni.

Mama si mtu wa kukaa na tatizo akilitazama. Alifanya kama wanavyofanya kwao Kyarumba, mzazi anapomwonyesha mwanawe ardhi. Alimwita mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote mbili na mchungaji, akatembea mbele yao na jembe akiikata ploti katikati. Nusu ya mbele, yenye nyumba, ilibaki yake, na nusu ya nyuma ikawa ya mwanawe. Kwenye mstari wakapanda ile miti ya mpaka yenye majani marefu, ambayo ukiichomeka tu ardhini inashika, na mtu akiing'oa watu humwangalia kama mchawi. Wakaomba, wakanywa soda na uji wa bushera, wakaenda zao. Kwa mama, kazi ilikuwa imekwisha. Jumatatu ndugu yangu akaanza kuchimba msingi.

Msingi ulipofika usawa wa goti, akaja askari wa manispaa na kopo la rangi nyekundu, akauchora alama ya X kubwa kama mlango.

"Afande, unaandika nini kwa nyumba ya mtoto wangu?" mama akamuuliza.

"Nyumba mbili kwa ploti moja, hapana. Simamisha kazi. Nenda ofisi."

"Lakini sisi tumeshagawa. Angalia miti ile."

"Mama, mimi sioni miti. Naona ploti moja."

Mama akanipigia simu Bwera. Mdomo wangu hauna breki, kila mtu katika ukoo anajua, na ndiyo sababu nilitumwa mimi. Nilifunga duka nikaenda Kasese, na njia nzima nilikuwa napanga matusi.

Ofisa wa mipango miji alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu, amesuka vizuri, na alikuwa na adabu iliyonikera, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkorofi. Alinipa kiti, akanitandazia ramani ya mtaa wetu. Aliniambia hakuna aliyetukataza kugawa. Lakini katika mitaa ya zamani kama ule, ploti moja ni nyumba moja. Mkitaka mbili, gaweni kwa mpima ardhi, na kila kipande kiwe na ukubwa unaokubalika, kiwe na mahali pa choo, na kiwe na njia yake inayotoka barabarani, yenye upana wa kupitisha gari.

"Gari la nani?" nikamuuliza. "Kwetu hakuna mtu ana gari. Hata baiskeli tunaazima."

"Gari ya wagonjwa, mama. Ile ya kunyonya choo. Ya kuzima moto."

"Nyuma kuna kanjia, kanapita kando ya mtaro. Watu wote wanakapita."

"Kale ni ka miguu. Sheria haikahesabu."

Nikamwambia mimi nimezaliwa katika ploti ile, na watu walikuwa wanazikwa na kuzaliwa pale kabla sheria yake haijatambaa. Akasema anaelewa. Hilo nalo lilinikera. Kisha akasema atakuja kuangalia mwenyewe, na akaja kweli, jambo ambalo sikulitegemea.

Alipima ukubwa wa nusu ya nyuma, ukatosha. Akapima upande wa kushoto wa nyumba akianzia barabarani, ndugu yangu akishika ncha ya utepe. Walitembea hatua chache, wakasimama. Mbele yao palikuwa na baba.

"Njia ingepita hapa," ofisa alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Nafasi inatosha. Ni hii tu."

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

Tukapewa muda. Muda huo ukipita bila ramani iliyokubaliwa, msingi utabomolewa. Ndugu yangu hakusema mengi, na yeye akinyamaza ujue ameshaamua jambo la kipumbavu. Mkewe ndiye aliyeniambia jikoni: likishindikana, wanarudi mtoni. Pale palipokuwa na nyumba bado pana mawe ya msingi, na wengine wameshaanza kurudi na mabati yao. "Dada, hapa sebuleni siwezi tena," alisema. "Mama ni mzuri, lakini sufuria yake nikiisogeza kidogo tu, siku yote anaugua." Nilimwelewa. Lakini sikutaka hata kuwafikiria wale watoto wamelala kando ya Nyamwamba mvua ikinyesha milimani.

Basi mimi nilikuwa upande wa kumhamisha baba, na nilisema wazi. Mifupa haina habari. Kuna makaburi ya kanisa, mchungaji alikuwa tayari, na yeye mwenyewe alisema Bwana hatapata shida kumtambua mtu aliyehamishwa. Ndugu yangu aliogopa. Kwao baba, alisema, kaburi halifukuliwi bila balaa. Nikampigia simu baba mdogo pekee aliye hai bado, huko Kenya, ili amtoe hofu, na hapo nilijichongea mwenyewe. Mzee alifurahi mno. Alisema kama tunamfukua, basi tumlete nyumbani, lori lipo, na kwamba siku zote alijua shemeji yake angeona aibu mwishowe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule mzee hakujua tulivyokuwa tumelala, lakini alikuwa na dawa ya kunguni wetu.

Nilirudi Bwera nikiwa na hasira na kila mtu. Mteja wangu mmoja, mama wa Kikongomani ambaye hanunui kitenge bila kwanza kusikia habari zako zote, alinisikiliza mpaka mwisho akapiga kofi moja. "Mutu akikufa anakuwaka na kichwa nguvu kupita bazima!" alisema. "Muzima eko, mumuulize yeye." Nikadhani anamaanisha ndugu yangu, nikamwambia yeye tumeshamuuliza.

Jumapili moja nilipanda gari tena kwenda Kasese, nikiwa nimepiga moyo konde. Nilikuwa nimeamua kumkalisha mama chini na kumlazimisha akubali baba ahamishwe, kama mtoto anaweza kumlazimisha mzazi. Nilimkuta amerudi kanisani, bado amevaa gomesi, na kitanda chake kiko uani kimesimamishwa ukutani. Sanduku lake lilikuwa juu ya kiti. Chandarua chake kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba.

"Mama, unahama kwenda wapi?"

"Shika hii." Alinipa ncha ya utepe wa fundi cherehani, ule ulioandikwa pande zote mbili. "Wewe unapenda kusema. Leo shika tu."

Tulipima upande wa kulia wa nyumba. Kutoka ukuta wa ndani wa chumba chake mpaka ua wa jirani. Utepe ulikuwa mfupi, tukawa tunauhamisha na kutia alama kwa vidole. Alikuwa ameshapima kabla yangu, niligundua, kwa sababu alitaja jibu kabla hatujafika. Chumba kikiondoka, njia inapatikana. Si pana sana, lakini inafikia kile kipimo walichosema.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia hakuna mwanamke wa umri wake anayebomolewa chumba chake kwa ajili ya mtu aliyekufa. Nilisema baba mwenyewe angekataa. Nilisema na mengine ambayo sikupaswa kusema mbele ya watoto wa ndugu yangu. Yeye alikunja utepe polepole kwenye vidole vyake.

"Baba yenu nilimuambia atakaa hapa. Nilimuambia mbele ya ndugu zake," alisema. "Yeye hana miguu ya kuhama. Mimi niko nayo."

"Na utalala wapi?"

"Hawa wakienda nyuma, sebule itabaki bure. Mtu mmoja analala wapi? Analala mahali pa mtu mmoja."

Ndugu yangu ndiye aliyebomoa. Alishindwa kupiga nyundo ya kwanza, akasimama pale, mtu mzima mwenye ndevu, analia. Mama akamgombeza. "Piga! Au unataka nibomoe mimi?" Akapiga. Baba alikuwa amejenga vizuri, kwa hiyo kazi haikuisha siku ile wala iliyofuata. Mabati na matofali mazima yalibebwa nyuma yakaingia katika nyumba mpya. Ukuta wa nje ulipoanguka, jua liliingia ndani ya chumba ambacho mimi sikuwahi kukiona na mwanga mwingi hivyo, na kwenye sakafu ikaonekana mistari ya miguu ya kitanda, na ukutani juu yake msumari ambapo baba alikuwa anatundika koti la kazi. Niliumia sana. Nilikwenda kusimama nyuma ya migomba mpaka nikaweza kurudi nikiwa na uso wa kawaida.

Yule ofisa alikuja tena, akapima, akapima mara ya pili, akaandika. Aliangalia ukuta mpya wa nyumba, ambao plasta yake ilikuwa bado mbichi, na akaangalia upande wa kaburi. Alipomaliza alimwamkia mama tena, kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Mpima ardhi wetu akachora, manispaa ikagonga muhuri, ile X ikasuguliwa. Kulikuwa na sharti moja nililotaka kuligombea na mama akanikataza: njia kama ile, ikishakubaliwa, haiwi ya familia tena. Inaandikwa njia ya umma.

Ndugu yangu alimaliza nyumba kabla ya mvua kubwa. Alimtengea mama chumba kizuri chenye dirisha, na mama akakikataa, akisema jiko moja na wanawake wawili ni vita ambavyo hata jeshi haliwezi kuvisimamisha. Analala sebuleni, nyuma ya pazia nililomshonea kwa kitenge.

Watu nao si wajinga. Walipogundua kwamba njia ile inatoka barabarani na kuungana na kanjia ka mtaroni, wakaifanya ya kukatiza kwenda sokoni. Wanapita na ndizi kichwani, wanapita na mbuzi, wanapita wakizungumza na simu. Mama huketi mlangoni na kuwasalimia wote, hata wasiojibu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa naye pale wakati bodaboda mmoja alipojaribu kupishana na mbuzi akiwa na magunia mawili ya makaa, yakakwaruza ukuta. Akasimama, akashusha mguu, akatazama huku na huku kwa hasira. Alikuwa kijana mgeni, hatukumjua.

"Hii njia ni kidogo sana!" akalalamika. "Nani alitengeneza njia namna hii?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwekea mkono kwenye goti.

"Pole, mtoto wangu," akamwambia. "Ni vile chumba ilikuwa kidogo."