Kofia ya Mwenyekiti Skaar

Arlys Tweten alikuwa mpishi wa shule yetu hadi alipostaafu, na tangu nimfahamu, mtaani kwetu chama ni yeye. Hapa jimboni Iowa, mchujo wa urais kwenye chama chetu hauna siri. Tunakutana ukumbi wa michezo wa shule, kila mtu anasimama kwenye pembe ya mgombea wake huku majirani wanamtazama. Kundi likiwa dogo mno linavunjwa, watu wake wanahamia pembe nyingine.

Mwaka ule aliyeongoza ni Kessler, muuza matrekta ambaye hakuwahi kukanyaga mkutano wa chama. Wakubwa wetu aliwaita kupe, na watu wakamshangilia. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Merle Skaar, mwenyekiti wa wilaya, akawa hatoki nyumbani kwa Arlys, anakunywa kahawa yake na kumsihi awashike watu wabaki na Gavana, mgombea wa wakubwa.

"Huyu akipita chama kimekwisha," alimwambia mbele yangu. "Nimtegemee nani kama si wewe?"

Shida ilikuwa ndani ya nyumba. Orrin, mume wa Arlys, alikuwa mtu wa Kessler damu damu. Bango alilolichomeka kwenye theluji mbele ya nyumba, Arlys aliling'oa. Wakanuniana mpaka Orrin akasalimu amri.

"Haya, bibie. Nitasimama na wewe. Si na Gavana wako. Na wewe."

Jioni ya mchujo akavuka ukumbi kuja pembe yetu, rafiki zake wakimtania kwamba amefungwa kamba. Masikio yalimwiva kwa aibu. Arlys akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Tukahesabiwa, tukapungukiwa. Kundi likavunjwa. Merle alikuwa ametuahidi kwamba hilo likitokea tutahamia kwa mgombea mwingine yeyote, ila Kessler. Basi akabandua beji ya Gavana kifuani, akaitia mfukoni, akaenda moja kwa moja pembe ya Kessler. Wakampokea kwa makofi na kumvisha kofia yao. Mbele imeshonwa: Mwenyekiti Skaar.

"Njoo, Arlys," akaita, anatabasamu. "Chama ni kimoja."

Nilitamani kummwagia kahawa yote aliyowahi kuinywa kwa yule mama.

"Jina lake limo," Orrin alisema polepole. "Hiyo hawakuishona leo."

Arlys alikuwa ameshaliona. Aliuachia mkono wa mumewe.

"Nenda kwa watu wako, Orrin."

"Na wewe?"

"Mimi sina."

Watu wa Kessler walikuwa wanamwita mumewe kutoka kule, kwa jina, wamemwachia nafasi. Orrin akaenda ukutani yalikotundikwa makoti, akarudi na la mkewe, akamvalisha. Wakatoka wote wawili bila kuhesabiwa.